Ugonjwa Usio na Kidonda: Istilahi na Mawasiliano katika Utambuzi na Matunzo ya Gastritisi ya Mnyauko, Wilaya za Tarime na Serengeti

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi lugha inavyoathiri utambuzi na matunzo ya gastritisi ya mnyauko, yaani mchochota wa muda mrefu wa utando wa tumbo la chakula unaoishia katika kupotea kwa tezi za utando huo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha kila siku kina jina moja pana, "vidonda vya tumbo", linalofunika maradhi ambayo tiba huyatenganisha, na kwamba jina hilo hubeba madai mawili, kuwapo kwa kidonda na kuwapo kwa maumivu, ambayo hayapatani na ugonjwa unaojadiliwa. Mifano imewekwa katika mazingira ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako Kiswahili hukutana na lugha nyingine katika chumba cha daktari. Makala inapendekeza istilahi na namna za kuuliza na kueleza zinazoweza kupunguza madhara ya utata huo.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya ukuzaji wa istilahi za Kiswahili imejikita zaidi katika mahitaji ya shule na vyuo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilimlenga kwanza mwanafunzi na mwalimu. Katika uwanja wa tiba hali ni tofauti kidogo. Daktari wa Tanzania husomeshwa kwa Kiingereza, huandika cheti cha mgonjwa kwa Kiingereza, lakini humhoji mgonjwa na kumpa maelekezo kwa Kiswahili. Kwa hiyo, istilahi ya tiba hufanya kazi mara mbili: hutaja dhana kwa wataalamu, kisha hubeba dhana hiyo hadi kwa mtu atakayemeza dawa. Istilahi inayotosheleza kazi ya kwanza yaweza kushindwa kabisa katika kazi ya pili.

Gastritisi ya mnyauko inafaa kuwa kipimo cha tatizo hili kwa sababu tatu. Kwanza, ni ugonjwa ambao mara nyingi hauna dalili za wazi. Pili, madhara yake makubwa hujitokeza mbali na tumbo, katika damu na mishipa ya fahamu. Tatu, matunzo yake ni ya miaka mingi, na hutegemea mgonjwa aelewe kwa nini arudi hospitali hali hasikii maumivu.

2.0 Dhana ya Kitabibu

Utando wa ndani wa tumbo la chakula una tezi zinazotoa tindikali, vimeng'enya vya kusaga chakula, na protini maalumu inayohitajika ili vitamini B12 ifyonzwe katika utumbo mdogo. Mchochota ukiudumu utando huo kwa miaka mingi, tezi hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na tishu za kovu au na seli zinazofanana na zile za utumbo. Badiliko hili la mwisho linaweza kuitwa metaplasia ya utumbo.

Visababishi vikuu ni viwili. Cha kwanza, ambacho ndicho cha kawaida zaidi, ni bakteria Helicobacter pylori, walioelezwa na Robin Warren na Barry Marshall huko Perth, Australia, katika miaka ya mwanzo ya 1980, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Cha pili ni kinga ya mwili kuzishambulia seli zinazotengeneza tindikali. Aina ya kwanza kwa kawaida huanzia sehemu ya chini ya tumbo na yaweza kuenea juu. Ya pili hukaa katika sehemu ya juu na ya kati, na huiacha ile ya chini.

Matokeo yake hufuatana kwa mantiki. Tindikali ikipungua, madini ya chuma hayafyonzwi vizuri. Protini ya kusaidia vitamini B12 ikikosekana, mwili huishiwa vitamini hiyo, na mtu hupatwa na upungufu wa damu, ganzi ya miguu na mikono, kuyumba anapotembea, na hata kupotewa na kumbukumbu. Aidha, mnyauko ni mojawapo ya hatua katika mfuatano ulioelezwa na mwanapatholojia Pelayo Correa: mchochota, mnyauko, metaplasia, displasia, kisha saratani. Wengi wenye mnyauko hawafiki mwisho wa njia hiyo. Hata hivyo, hatari ipo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka Helicobacter pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994.

Kwa Kanda ya Ziwa jambo hili si la nadharia tu. Uchunguzi wa wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo waliohudumiwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Umbali na gharama ni sehemu ya maelezo ya uchelewaji wa namna hiyo. Makala hii inadai kwamba lugha nayo yaweza kuwa sehemu.

3.0 Mazingira ya Lugha

Wilaya ya Tarime, ambayo mwaka 2007 ilimegwa na kuzaa wilaya ya Rorya, ni makao ya wasemaji wengi wa Kikuria, lugha inayovuka mpaka hadi Kenya. Katika wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, wamo Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Watatoga. Isipokuwa Kitatoga, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti, lugha hizo ni za Kibantu. Kiswahili huunganisha makundi haya sokoni, shuleni na hospitalini, lakini kwa wazee wengi ni lugha ya pili.

Hali hii huzaa tafsiri ya ngazi mbili. Daktari huwaza kwa istilahi za Kiingereza na kusema Kiswahili. Mgonjwa husikia Kiswahili na kukifasiri kwa lugha yake. Mgonjwa asipokimudu Kiswahili, mfasiri huwa mjukuu, binti au mkwe aliyemsindikiza. Mfasiri wa namna hii hutafsiri kile anachokielewa na kile ambacho adabu inamruhusu kukitaja, kwani si kila jambo la mwili husemwa mbele ya kila ndugu. Swali la rangi ya choo laweza kufika kwa mzee likiwa swali la kama "tumbo linasumbua".

4.0 Uwanja wa Maana wa "Tumbo" na "Vidonda vya Tumbo"

Neno "tumbo" lina maana nyingi zinazohusiana. Hutaja sehemu yote ya mwili kati ya kifua na nyonga. Hutaja kiungo cha kusagia chakula. Hutaja mji wa mimba, kama katika "tumbo la uzazi". Na hutaja nasaba ya mama, kama katika "ndugu wa tumbo moja". Upana huu si wa Kiswahili pekee. Mzizi wa kale wa Kibantu -da ulikusanya maana za tumbo, matumbo, mimba na sehemu ya ndani, na masalia yake yamo katika neno "ndani". Mkuria au Mngoreme anayejifunza Kiswahili haoni ajabu kwamba neno moja linabeba yote hayo. Tatizo huanza pale daktari anapodhani kwamba "tumbo" la mgonjwa ni kiungo kile kile kilichochorwa katika kitabu chake. Kinyume chake pia hutokea: maumivu ya kiungo hicho hasa huelezwa kwa kutaja moyo, kwa kuwa husikika chini ya chembe cha moyo.

"Vidonda vya tumbo" ni kirai ambacho kiumbo ni wazi, lakini kimatumizi kimekuwa nahau. Kiumbo, kinadai kuna vidonda, navyo vimo tumboni. Kimatumizi, hutaja kiungulia, kujaa gesi, maumivu ya njaa, kichefuchefu, na hata hali ambazo hazijapimwa kwa kipimo chochote. Mtu husema "mimi nina vidonda vya tumbo" kama anavyosema "mimi ni mfupi", yaani sifa ya kudumu ya nafsi yake. Kwa hiyo jina hili hufanya mambo matatu yenye madhara.

La kwanza, huziba nafasi ya utambuzi. Mgonjwa huja na jina badala ya dalili, na mhudumu mwenye foleni ndefu hulikubali jina hilo na kuandika dawa ya kupunguza tindikali. Kwa mgonjwa ambaye tezi zake zimenyauka, tindikali tayari ni haba, na dawa hiyo haigusi kiini cha ugonjwa.

La pili, hufungamanisha ugonjwa na maumivu. Kidonda huuma; kwa hiyo asiyeumwa hana kidonda, na asiye na kidonda si mgonjwa. Mnyauko huvunja mfuatano huo, kwani tumbo laweza kunyamaza kadiri linavyozidi kuharibika.

La tatu, hutenga tumbo na viungo vingine. Hakuna kitu katika kirai hicho kinachomfanya mtu afikirie ganzi ya nyayo au ulimi uliokuwa laini na wenye kuwasha. Dalili hizo hupelekwa kwingine: ganzi huitwa uzee, uchovu huitwa malaria, upungufu wa damu hutibiwa peke yake.

5.0 Uchaguzi wa Istilahi

Vigezo vya uundaji wa istilahi vimejadiliwa kwa kina, hasa katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992). Katika tiba yafaa kukiongeza kigezo kimoja: istilahi isimpotoshe mgonjwa kuhusu jambo linalompasa kulifanya. Kwa kigezo hicho, vipengele vitatu vya jina la ugonjwa huu vinahitaji kupimwa.

5.1 Mchochota, uvimbe au gastritisi

Neno "uvimbe" hutumiwa mara kwa mara kutaja mchochota. Udhaifu wake ni kwamba ndilo pia linalotaja donge au kiota cha saratani. Mgonjwa anayeambiwa "una uvimbe tumboni" ana haki ya kuelewa kwamba ana saratani, na katika ugonjwa ambao mazungumzo ya saratani hayakwepeki, utata huo ni mkubwa mno. "Mchochota" halina utata huo, ila halijazoeleka kwa walio wengi. Umbo la mkopo "gastritisi" nalo halielezi chochote kwa asiyejua Kiingereza, lakini kwa sababu hiyo hiyo halidanganyi. Kwa hiyo inafaa "gastritisi" liwe jina, na "mchochota wa utando wa tumbo" liwe fasili yake.

5.2 Mnyauko, msinyao au udhaifu

Vitenzi vinavyoshindana ni "kudhoofika", "kusinyaa" na "kunyauka". "Kudhoofika" ni kipana. Chaweza kurekebishwa kwa chakula bora, na mgonjwa atadhani maziwa na mayai vitatosha. "Kusinyaa" hutaja kupungua kwa ukubwa, na humfanya msikilizaji adhani kwamba tumbo lenyewe limekuwa dogo. "Kunyauka" hutoka katika maisha ya mimea: jani hupoteza uhai pole pole, lingali mahali pake. Kwa mkulima wa mahindi, ulezi au muhogo, neno hili huleta pia swali sahihi: je, kilichonyauka hustawi tena? Jibu la tiba ni kwamba mnyauko wa awali waweza kupungua baada ya bakteria kuondolewa, lakini uliokomaa, hasa wenye metaplasia, kwa kawaida haurudi nyuma kabisa. Istilahi inayozaa swali linalostahili kuulizwa ni istilahi nzuri. Ndiyo sababu makala hii inatumia "gastritisi ya mnyauko".

Tahadhari moja inahitajika kuhusu "tezi". Katika mazungumzo ya kawaida neno hili hutaja uvimbe wa shingo au, kwa wanaume, tezi dume. Kusema "tezi za tumbo lako zimenyauka" bila maelezo kwaweza kumpeleka msikilizaji mbali. Yafaa kusema "sehemu ndogo ndogo za utando zinazotoa maji ya kusaga chakula".

5.3 Sugu au ya muda mrefu

Kivumishi "sugu" hutumiwa kwa maana ya ugonjwa unaodumu. Lakini katika "malaria sugu" na katika "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", neno hilo linataja kushindwa kwa dawa. Mgonjwa anayeambiwa ana "gastritisi sugu" anaweza kuhitimisha kwamba dawa haziwezi kitu, naye akaziacha au akatafuta nyingine kali zaidi. Utata huu unaongezeka kwa sababu Helicobacter pylori nao wanaweza kuwa sugu kwa baadhi ya antibaiotiki, hasa klarithromaisini. Daktari akihitaji kuyasema yote mawili kwa mgonjwa mmoja, neno moja halitatosha. Kirai "ya muda mrefu" kiachiwe kudumu kwa ugonjwa, na "sugu" libaki kwa vimelea visivyosikia dawa.

6.0 Lugha ya Utambuzi

Utambuzi wa uhakika hutegemea kuliangalia tumbo kwa endoskopia na kuchukua vinyofu vya utando kwa uchunguzi wa hadubini. Mfumo wa Sydney, uliopendekezwa mwaka 1990 na kurekebishwa Houston mwaka 1994, unataka vinyofu vitano: viwili kutoka sehemu ya chini, viwili kutoka sehemu ya kati, na kimoja kutoka kwenye kona ya tumbo. Vipimo vya damu vya pepsinojeni na gastrini husaidia kukisia mnyauko pale vinapopatikana. Kwa bakteria, kipimo cha pumzi na kile cha choo huonyesha maambukizo yaliyopo, ilhali kipimo cha kingamwili katika damu hakitenganishi maambukizo ya sasa na yaliyokwisha.

Kila hatua ina kikwazo chake cha lugha. Usemi "kukatwa nyama tumboni" humtisha mtu kama taarifa ya upasuaji. "Kuchukua vipande vidogo kama punje ya mtama kwa ajili ya kipimo" husema ukweli huo huo bila kutisha. Agizo la kuacha dawa za kupunguza tindikali kwa wiki 2, na antibaiotiki kwa wiki 4, kabla ya kipimo cha pumzi au cha choo halitekelezwi likitolewa kama "acha dawa za tumbo", kwa kuwa mgonjwa huenda ana dawa za minyoo, za gesi na za mitishamba, zote zikiwa "za tumbo". Jina la dawa husika litajwe, na pakiti ioneshwe. Vile vile, jibu la kingamwili lisisomwe kama "una wadudu", bali kama "umewahi kukutana na wadudu hawa".

Hata hivyo, endoskopia haipo katika kila zahanati, na si kila mwenye kiungulia wa Nyamongo au Mugumu atapelekwa Mwanza. Hapo maswali ndiyo huamua nani apewe rufaa. Swali "unaumwa vidonda vya tumbo?" hukaribisha "ndiyo" ya heshima, hasa kutoka kwa mzee asiyetaka kumpinga daktari. Maswali yanayofaa zaidi ni yale yanayoomba maelezo: "Mzee, chakula kinakushibisha upesi kuliko zamani?" "Mama, ukikanyaga chini unaihisi ardhi vizuri?" "Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami?" Kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi na shida ya kumeza ni ishara za kumpeleka mgonjwa mbele bila kungoja.

Liko pia jambo la chakula. Vitamini B12 kwa asili hupatikana katika nyama, maziwa, samaki na mayai. Katika jamii za wafugaji, mtu anayekunywa maziwa na kula nyama mara kwa mara, kisha akakutwa na upungufu wa vitamini hiyo, humlazimisha mganga ashuku ufyonzaji kuliko mlo. Swali la mlo likiulizwa kwa makini ni kipimo kisicho na gharama.

7.0 Lugha ya Matunzo

Matunzo yana sehemu tatu: kuwaondoa bakteria, kurudisha kilichopungukiwa, na kufuatilia. Kila sehemu hugongana na kitenzi "kupona".

Kwa bakteria, dawa kadhaa hutumiwa pamoja, kwa kawaida kwa siku 14. Dalili zaweza kutulia mapema, na mgonjwa akasema "nimepona" dozi ikiwa nusu. Baada ya dozi, kipimo cha pumzi au cha choo hurudiwa si chini ya wiki 4 baadaye. "Kupona" kwa mgonjwa ni kutosikia maumivu. Kwa maabara ni kutoonekana kwa bakteria. Kwa mwanapatholojia ni kurejea kwa tezi. Haya ni mambo matatu, na mgonjwa anastahili kuambiwa ni lipi limetimia: "maumivu yametulia", "wadudu wamekwisha", "utando bado haujarudi".

Kwa upungufu, hatari kubwa imejificha katika maneno "dawa ya kuongeza damu". Vidonge vinavyojulikana kwa jina hilo huwa na madini ya chuma na asidi ya foliki. Asidi ya foliki yaweza kuiinua damu ya mtu aliyepungukiwa vitamini B12, ilhali mishipa yake ya fahamu inaendelea kuharibika. Damu imeongezeka kweli, kama jina la dawa lilivyoahidi; miguu inakufa ganzi. Uharibifu huo ukikaa sana hautengeneki. Mgonjwa wa namna hii huhitaji sindano za vitamini B12, mara nyingi kwa maisha yake yote pale tezi zinapokuwa zimepotea, na maelezo yaliyo wazi ni kwamba sindano hizo si za kutibu damu tu, bali ni kulipa mwili kile ambacho tumbo halikitoi tena.

Kwa ufuatiliaji, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 hupendekeza endoskopia kila miaka 3 kwa mwenye mnyauko ulioenea, na mapema zaidi akiwa na ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tumbo. Hapa neno linalohitajika ni "kulinda", si "kutibu". Mfugaji hangojei ng'ombe aibwe ndipo aende zizini. Hupita kuhesabu mifugo hata usiku uliotulia. Mgonjwa anayeelewa hivyo hatasema amerudishwa hospitali kwa sababu dawa zilishindwa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba "vidonda vya tumbo", kwa upana wake, huweza kuuficha ugonjwa usio na kidonda wala maumivu. Haipendekezwi kwamba usemi huo ufutwe. Hakuna taasisi yenye uwezo wa kufuta maneno ya watu, na mgonjwa atakuja nao daima. Kinachopendekezwa ni kwamba mhudumu aupokee kama mwanzo wa mazungumzo, kisha autenganishe kwa maswali. Inapendekezwa pia kwamba "gastritisi ya mnyauko" itumike kama istilahi. Kwamba "uvimbe" usitumike kwa mchochota. Kwamba "sugu" liachiwe vimelea. Na kwamba "kupona" kufafanuliwe kila kinapotamkwa.

Kazi iliyobaki ni ya pamoja. Orodha za maneno ya maradhi katika Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kitatoga zinahitaji kukusanywa na wanaisimu wakishirikiana na wauguzi, kwa kuwa wauguzi ndio wanaoyasikia maneno hayo kila asubuhi kabla hayajageuzwa kuwa Kiswahili. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada watapata hapo kazi ambayo matokeo yake yatasomwa nje ya maktaba.